Waya Ulifika Tabora, Habari Zilikuwa Zimeshapita

Kila teknolojia mpya ya mawasiliano inapozinduliwa hapa kwetu, kuna sentensi moja ambayo lazima mtu aiseme kwenye kipaza sauti: dunia sasa imekuwa kijiji. Tuliisikia Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam. Tukaisikia tena Mkongo wa Taifa ulipoanza kusambazwa mikoani. Siku hizi tunaisikia kwenye makongamano ya akili mnemba, wageni waalikwa wakiwa wamening'iniza vitambulisho shingoni na chai ya saa nne inawasubiri.

Mimi sina ugomvi na kijiji. Ninachouliza ni hiki: katika kijiji hicho, mpiga mbiu ni nani? Maana kijiji chochote kina mtu anayepita na kutangaza, na wengine wanaokaa barazani kusikiliza. Ukishamjua mpiga mbiu umeshajua mengi kuhusu kijiji.

Ili nijibu swali hilo nataka tuiache Dar na mikongo yake kidogo, twende Tabora. Najua wengi wenu Tabora mnaijua kwa asali, kwa maembe, na kwa shule aliyosoma Mwalimu Nyerere. Lakini kama kuna mahali katika nchi hii ambapo historia ya teknolojia ya habari inaweza kufundishwa bila kompyuta hata moja, ni pale.

MTANDAO WA MIGUU

Katikati ya karne ya 19, Tabora (au Kaze, kama wasafiri wengi walivyoiita, ndani ya himaya ya Unyanyembe) ilikuwa njia panda. Mashariki njia ilishuka kupitia Mgunda Mkali, Ugogo, Mpwapwa na Usagara hadi Bagamoyo. Magharibi ilikwenda Uvinza na Ujiji, kisha ng'ambo ya ziwa hadi Manyema. Kaskazini kulikuwa na njia ya Karagwe na Buganda, kusini njia ya Ukonongo na Ufipa. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, na Tabora ndiyo ilikuwa fundo la kamba zote hizo.

Mtandao huo ulikuwa na mitambo yake, nayo ilikuwa mabega na miguu ya watu. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba frasila mbili, kwa kipimo chetu kama kilo 32. Kirangozi alitangulia na bendera, akijua visima viko wapi na mtemi gani ana hasira mwaka huo. Wanyamwezi walisafiri kiangazi, masika yakikaribia wengi wakarudi kulima. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, bunduki na baruti vikapanda bara. Kulikuwa na bidhaa nyingine ninayoipenda kwa sababu zangu binafsi: waya. Nyaya za shaba zilibebwa mabegani zikaenda kuwa bangili na mapambo. Kwa hiyo waya ulifika Tabora miaka mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kupitisha maneno ndani yake.

Tusisahau kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Mtu aliyekamatwa Manyema akapitishwa Tabora kwenda pwani hakuwa na njia ya kumtumia mama yake salamu. Nikisikia mtu anausifu mtandao wowote kwamba umewaunganisha watu, huwa nawakumbuka wale ambao mtandao uliwapitisha bila kuwaunganisha na yeyote.

Pamoja na pembe na vitambaa, kitu kilichobebwa na kila mtu bila kuongeza uzito ni habari. Misafara miwili ikikutana njiani, wa kutoka bara na wa kutoka pwani, watu waliulizana. Bei ya pembe ikoje Bagamoyo? Ugogo wanatoza kiasi gani? Njia ya Ujiji iko wazi? Wapi kuna njaa, wapi kuna ndui? Kukosea habari hizo ilikuwa kufa na kiu, kwa hiyo watu walizichuja. Mwongo alijulikana kwa sura na kwa jina, na mwaka ujao mngekutana naye tena njiani.

ZIWA LILILOKUWA LIMESHAJULIKANA

Mtandao huo ulijua nini? Wazungu walichukua muda mrefu kuyaamini uliyoyajua. Wamisionari Erhardt na Rebmann, wakiwa pwani, waliwauliza wafanyabiashara na wasafiri kuhusu bara, wakachora ramani iliyosambaa Ulaya mwaka 1855 na 1856. Katikati ya ramani kulikuwa na ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na nyumba. Waungwana wa London walicheka. Lakini habari zenyewe hazikuwa mbaya: maji yapo kaskazini, yapo magharibi, yapo kusini. Aliyeunganisha maziwa matatu yakawa moja ni mchoraji.

Burton na Speke walifika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku 134 tangu waondoke pwani. Mwenyeji wao, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, aliwatenganishia mambo hayo palepale barazani: ziwa la Ujiji ni moja, la kaskazini ni jingine, na la kaskazini ndilo kubwa zaidi. Speke akaondoka Kaze Julai 1858 kwenda kaskazini, akalikuta pale alipoambiwa lipo, na dunia ikaandika kwamba Speke amegundua Ziwa Victoria.

Sisemi Speke hakutembea. Alitembea, aliugua, na alifanya vipimo vyake. Ninachosema ni kwamba alikwenda kuhakiki habari aliyopewa, kama mwandishi wa gazeti anavyopewa fununu na mtu wa mtaani akaenda kuthibitisha. Kwenye kazi yetu, ukilichukua jina la mtu wa mtaani ukalifuta na kuandika kwamba umegundua mwenyewe, mhariri mwenye akili timamu atakuita ofisini.

BARUA YA MWAKA MZIMA

Kwa wale wanaolalamika kwamba ujumbe umetumwa na "tiki" ya pili haijatokea, nina hadithi yenu.

Tarehe 1 Novemba 1870, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, aliandaa mfuko wa barua za David Livingstone aliyekuwa huko bara. Wabebaji waliopewa kazi wakakaa Bagamoyo miezi kadhaa bila kuondoka. Mwishowe mfuko ukafika Unyanyembe, ukakwama tena. Stanley, mwandishi wa New York Herald, aliukuta huko mwaka 1871 akaubeba. Ulimfikia Livingstone Ujiji mwezi Novemba 1871, mwaka mzima tangu ufungwe. Mzee alikuwa hajui kwamba Mfereji wa Suez umefunguliwa wala kwamba Ufaransa na Ujerumani zimepigana. Stanley ndiye akawa taarifa ya habari.

Kwa nini ulikwama Unyanyembe? Kwa sababu njia ilifungwa. Mtemi Mirambo wa Urambo, magharibi ya Tabora, alikuwa amegombana na Waarabu wa Tabora kuhusu biashara na ushuru wa njia, na mwaka huo wa 1871 wakaingia vitani. Vitabu vya zamani vya wageni vinamwita jambazi. Mirambo alikuwa mtawala aliyeona utajiri unapita mlangoni kwake kila kiangazi akataka fungu lake, na aliijua silaha yake kuliko wote: aliyekaa juu ya njia anaweza kuizima. Stanley alilazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo na Ukawendi ndipo afike Ujiji. Mtandao ulikatwa mahali pamoja, habari zikatafuta njia nyingine. Wahandisi wa intaneti walikuja kuliita jambo hilo ubunifu mkubwa karibu karne moja baadaye.

Na habari yenyewe ya Stanley kumpata Livingstone? Walikutana Novemba 1871, gazeti lake likaichapisha New York Julai 1872. Miezi minane. Sehemu kubwa ya muda huo ilitumika kutembea, kwa miguu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa juu ya habari.

MWANDISHI WETU, UKONONGO

Sasa nifike kwenye kisa kilichonifanya niandike makala haya.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kusini ya Ziwa Bangweulu, Zambia ya leo. Waliokuwa naye walikuwa Waafrika watupu, kama watu sitini, wanaume na wanawake. Majina yanayokumbukwa zaidi ni Susi na Chuma. Waliamua kuukausha mwili na kuubeba hadi pwani, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Hakuna aliyewaamuru.

Kati yao alikuwepo kijana anaitwa Jacob Wainwright, Myao. Alitekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na meli ya Waingereza, akapelekwa shule ya wamisionari Nasik, India. Alijua kusoma na kuandika Kiingereza. Alichonga jina la marehemu kwenye mti, akaorodhesha mali zake, na akaandika shajara ya safari yote. Kama tunatafuta waandishi wa habari wa kwanza wa njia hii, huyu apewe kiti cha mbele.

Agosti 1873, bado wakiwa mbali, walisikia uvumi: kuna msafara umetoka Zanzibar unaelekea Unyanyembe, na ndani yake yumo mtoto wa Livingstone. Angalia jinsi habari zilivyokuwa zinasafiri. Kundi la watu waliobeba maiti porini, bila simu wala posta, walikuwa wanajua nani ameondoka pwani. Walifanyaje? Walipofika Ukonongo, Wainwright aliandika barua kwa mtoto huyo kumweleza kwamba baba yake amefariki na kwamba wao wana njaa na wanahitaji msaada. Chuma akatangulia nayo. Tarehe 20 Oktoba 1873 barua ilifika Unyanyembe mikononi mwa Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Mtoto hakuwepo. Uvumi ulikuwa wa kweli kuhusu msafara na wa uongo kuhusu aliyemo. Nusu kwa nusu, na bado kwa kuufuata kwa uangalifu walipata walichokihitaji.

Fikiria ukubwa wa habari hiyo. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalikuwa yametumia fedha nyingi kumfuatilia Livingstone. Habari ya kifo chake, habari kubwa kuliko zote za Afrika mwaka ule, iliandikwa na kijana Mwafrika, ikabebwa na Mwafrika mwenzake, ikawasilishwa Tabora. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Wainwright alisindikiza mwili hadi Uingereza na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza katika mazishi ya Westminster Abbey, Aprili 18, 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi kwisha. Mhariri Horace Waller akakaa nao, akawauliza, na maelezo yao yakaingia katika kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone kilichotoka mwaka huo huo. Kwenye jalada, bila shaka, jina kubwa ni la Livingstone.

Wainwright alirudi Afrika, akafanya kazi na wamisionari, na akafariki mwaka 1892. Wapi? Urambo. Nchi ile ile ya Mirambo, mkoa huu huu wa Tabora. Shajara yake ilibaki Uskochi, na mwaka 2019 kurasa zake ziliwekwa kwenye intaneti, unaweza kuzisoma bure. Nimekwenda Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini, kwenye tembe waliyokaa Livingstone na Stanley ambayo sasa ni makumbusho. Nimewauliza vijana wenzangu kadhaa wa mjini kuhusu Stanley: wote wanamjua. Nimewauliza kuhusu Wainwright: wamedhani ni mchezaji wa kigeni.

KISHA WAYA UKAJA

Mkongo wa kwanza wa simu za maandishi ulifika Zanzibar mwaka 1879, ukipita baharini kutoka Aden kwenda kusini mwa Afrika. Tangu hapo mfanyabiashara wa Zanzibar aliweza kujua bei ya pembe London mapema kuliko bei ya Tabora. Hebu soma sentensi hiyo tena, kwa sababu hali hiyo haijaisha. Kipande cha mwisho ndicho kigumu siku zote. Mkongo unaweza kufika Dar, tukapiga makofi, na mtu wa Sikonge akabaki anapanda kichuguu kutafuta mtandao.

Waya haukuja peke yake. Wajerumani waliunganisha Bagamoyo na Dar es Salaam na mkongo wa Zanzibar mwaka 1890, lakini kabla ya nguzo kufika Unyanyembe walitangulia askari. Mtemi Isike aliwapinga, na Januari 1893 boma lake lilipovunjwa alilipua ghala lake la baruti yeye akiwa ndani, hakutaka kukamatwa. Nguzo zikaja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na habari za kwanza zilizopita ndani ya waya ule zilikuwa amri, ripoti na kodi. Ulijengwa ili Dar es Salaam izungumze na maboma yake.

Upande wa Ujiji kulikuwa na mradi mwingine, na huu ningependa watu wa kampuni za teknolojia wausome kabla ya kila uzinduzi. Cecil Rhodes alitaka waya wa simu kutoka Cape hadi Cairo. Machi 1899 alikwenda Berlin kumwona Kaiser Wilhelm II ili apate ruhusa ya kupita ardhi iliyokuwa chini ya Wajerumani, akaipata. Nguzo ilibidi ziwe za chuma, kwa sababu mchwa wa huku hawaheshimu nguzo za mti. Rhodes akafariki Machi 1902, na waya ukafika Ujiji ukaishia hapo. Cairo haikuonekana. Teknolojia iliyokuwa ibadilishe bara zima ikawa nguzo zilizosimama zikitazama ziwa.

Reli iliishi zaidi. Ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, kwa kufuata kwa kiasi kikubwa njia ile ile ya misafara na kwa jasho la wengi waliokuwa wapagazi au watoto wa wapagazi. Siku mia na zaidi za Burton zikawa siku moja au mbili. Mpagazi naye akapoteza kazi, na pamoja na kazi akapoteza kitu ambacho hakuna aliyekihesabu: nafasi ya kuwa mtu anayejua habari kabla ya wengine.

WALIOANDIKA WENYEWE

Lakini njia hii ilizaa kitu ambacho hakikuhitaji nguzo, nacho ni Kiswahili kilichoenea. Misafara ilikitoa pwani ikakifikisha Tabora, Ujiji na Kongo. Kikawa lugha ya kupatana bei, kugombana na kuoana. Kwa lugha ya leo ningesema Kiswahili ndicho programu iliyoendesha mtandao ule, na ndiyo pekee iliyobaki inafanya kazi baada ya mitambo yote kubadilishwa.

Na wapo walioandika kwa lugha hiyo. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora na alioa katika ukoo wa Mtemi Fundikira, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa Ujerumani kitabu Safari za Wasuaheli, chenye masimulizi ya wasafiri wenyewe, mmoja wao Selemani bin Mwenye Chande aliyetoka pwani kwenda bara hadi Ziwa Tanganyika. Miaka miwili baadaye ikatoka Desturi za Wasuaheli, ambayo sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili Berlin.

Hawa si malaika. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara ya pembe na watumwa, na anasimulia bila kuona haya. Lakini ukiwasoma baada ya kuwasoma akina Stanley unashtuka. Msafara si tena kundi la "wabebaji wavivu". Una watu wenye hesabu zao, hofu zao na utani wao. Ndugu zangu, mtu anayeandika kwa nafsi ya kwanza, kwa lugha yake, kuhusu alichokiona na anavyokifikiria, sisi tunamwita nani? Mwanablogu. Tumekuwa nao zaidi ya miaka mia moja. Tatizo ni kwamba maandishi yalikuwa yetu na mitambo ilikuwa ya Berlin. Vitabu vile vilitumika kuwafundisha Kiswahili maofisa waliokuwa wanakuja kututawala.

HONGO

Kuna neno jingine la njia hii ambalo limebadilika maana: hongo. Leo ni rushwa. Zamani ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtawala ili upite katika nchi yake, na Ugogo ilisifika kwa kutoza. Wasafiri wa Ulaya walilalamika ukurasa baada ya ukurasa. Mimi namwelewa Mgogo. Msafara wa mamia ya watu umekuja kwenye nchi kavu, umekunywa kisima chako, umekula nafaka yako, kesho umeondoka. Kwa nini usilipe?

Ila hongo yenye akili ilikuwa na kipimo. Ikizidi, misafara ilitafuta njia nyingine na mtawala akabaki na kisima chake. Nililikumbuka hilo niliposoma habari za Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizomtaka mwenye blogu alipe ada zinazofika shilingi milioni mbili na zaidi ndipo aandike. Zilikuja kurekebishwa miaka iliyofuata, lakini blogu kadhaa zilizokuwa zinaandika kwa Kiswahili kizuri zilishanyamaza, na nyingi hazikurudi. Walioandika kwa mapenzi hawakuwa na merikani ya kulipia njia.

Na njia nayo bado hufungwa. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilizuiwa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Nina ndugu Tabora na nina ndugu Mwanza. Siku zile tulirudi kuulizana kama misafara miwili iliyokutana Mgunda Mkali: nani katoka wapi, kaona nini kwa macho yake, na nani kaambiwa tu. Mwaka 1871 aliyefunga njia alikuwa na jeshi. Leo inatosha amri, na ni rahisi zaidi kwa sababu njia zetu zote zinapita kwenye milango michache. Mtandao wa miguu ulikuwa na polepole yake, lakini haukuwa na swichi moja ya kuuzima.

MASHINE ITASIMULIA NINI?

Sasa nirudi kwenye makongamano ya akili mnemba, maana hapo ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo.

Nimejaribu. Niliiuliza moja ya programu hizi, kwa Kiswahili, inisimulie historia ya Tabora. Ilijibu kwa adabu na kwa sarufi nzuri kuliko ya wanasiasa wetu wengi. Ilianza na Burton, ikaenda Speke, ikaenda Livingstone, ikamaliza na Stanley. Wanyamwezi walitajwa kama watu wanaoishi eneo hilo. Nilipouliza kuhusu Wainwright kwa jina ilimjua. Lakini nani atauliza jina asilolijua?

Sina sababu ya kuilaumu mashine. Hizi programu hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo, na maandishi yaliyopo kuhusu njia hii kwa sehemu kubwa yaliandikwa na waliobebewa mizigo. Mashine inarudia ramani iliyopewa. Kama mwaka 1856, mchoraji yuko mbali, na aliye karibu na maziwa haulizwi.

Tofauti ya leo ni moja tu, ila ni kubwa. Snay bin Amir hakuwa na mahali pa kuchapisha. Chuma alibeba barua ambayo hakuiandika. Selemani bin Mwenye Chande alihitaji profesa wa Berlin. Kijana wa Tabora mwenye simu ya bei ya kawaida na bando la wiki hamhitaji yeyote kati ya hao. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003. Mwaka 2004 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitafsiri programu nzima za ofisi wakazitoa kwa jina la Jambo OpenOffice, wakati watu wengi wakisema Kiswahili hakiwezi kuingia kwenye kompyuta. Kiliingia. Kwa hiyo hoja ya kwamba haiwezekani ilishakufa siku nyingi.

Kilichobaki ni kazi ya kuchosha, isiyo na uzinduzi wala chai ya saa nne. Mzee wa Itetemia anayejua habari za Isike kama alivyosimuliwa na babu yake, arekodiwe na maneno yake yaandikwe. Bibi wa Urambo anayejua nyimbo za wapagazi aulizwe kabla hajaondoka nazo. Mwalimu wa historia wa Nzega au Igunga aandike makala moja ya Wikipedia kuhusu mtemi wa kwao. Mambo hayo hayahitaji mkongo mpya, na ule uliopo unatosha na kubaki.

Wakuu wa teknolojia wanatuahidi kila mwaka kwamba habari zitasafiri haraka zaidi. Nawaamini, zitasafiri. Zimekuwa zikiongeza mwendo tangu siku 134 za Burton, na kila mara zilipoongeza mwendo, aliyezibeba alirudi nyuma hatua moja na aliyezimiliki akasogea mbele. Safari hii mbiu iko mfukoni mwetu, na betri ina chaji. Tusipoipiga, wajukuu wetu wataiuliza mashine habari za Tabora, na mashine itawajibu kwa Kiswahili fasaha kabisa kwamba hapo zamani alipita Bwana Stanley.

Ukiwa na babu aliyebeba mzigo kwenye njia ile, au aliyejenga reli, andika. Anza hata na aya moja.